Maswali Waliyoulizwa Matabibu wa Macho katika Masoko ya Sham

Mtu wa Sham aliyeitwa Abdurrahman bin Nasr al-Shayzari, aliyeishi katika karne ya 12, zama za Sultani Salahuddin, alitunga kitabu cha kuwaongoza wasimamizi wa soko, akakiita Nihayat al-Rutba fi Talab al-Hisba. Msimamizi huyo, muhtasibu kwa jina la kazi yake, alikuwa na amri juu ya mizani na vipimo, juu ya mwokaji mikate na mchinjaji, juu ya mkaanga samaki, mtia rangi nguo, mvunja fedha na mwenye hamamu. Kila kazi ina sura yake, na kila sura imejaa hila za watu wa kazi ile, kwa maana mwandishi alijua ya kuwa muhtasibu asiyezijua njia za udanganyifu hawezi kumkamata mdanganyifu. Ndani ya kitabu hicho imo sura ya matabibu, na pamoja nao wametajwa waunga mifupa, wapasuaji, na kahhali, yaani matabibu wa macho.

Agizo lake juu ya kahhali ni fupi. Muhtasibu na awape mtihani kwa kitabu cha Hunayn bin Ishaq kiitwacho Makala Kumi juu ya Jicho. Kahhali ataulizwa jicho lina tabaka ngapi, naye hana budi kujibu saba; lina rutuba ngapi, naye atajibu tatu; maradhi yake ya asili ni mangapi, naye atajibu matatu, kisha ayaeleze matawi yanayotoka katika hayo. Tena awe anajua kutengeneza dawa za macho na kuzichanganya kwa kipimo. Akishinda, apewe idhini ya kutibu macho ya watu. Haimpasi kukosa vyombo vya kazi yake: kulabu za kuinulia mishipa ya damu inayotanda juu ya kioo cha jicho na ile nyama inayoota juu ya weupe wake, kikwaruzo cha vikope, vijembe vya kutolea damu, na kisanduku cha dawa za kupaka. Waungaji mifupa nao walikuwa na mtihani wao, ambao ndani yake ilikuwapo hesabu ya mifupa ya mwanadamu, 248, kwa mujibu wa mafundisho ya Paulo wa Aegina. Kwa matabibu wa mwili kilitajwa kitabu kingine cha Hunayn juu ya kumjaribu tabibu. Al-Shayzari anakiri ya kuwa kipo pia kitabu cha Galen chenye jina kama hilo, lakini masharti yake ni mazito hata ni shida kumpata tabibu mmoja awezaye kuyatimiza.

Mswahili akiyasikia maswali hayo katika Kiarabu chao hatakuwa mgeni kabisa. Imtihan ni mtihani. Tabaqat ni tabaka. Amradh ni maradhi. Maqala ni makala. Idhn ni idhini. Rutuba nayo imo katika Kiswahili, ijapokuwa imehama kidogo: siku hizi husemwa zaidi juu ya ardhi yenye kuotesha, na maana ya unyevu imerudi nyuma. Neno mtihani lina jambo la kuangaliwa zaidi. Mtu aliyefiwa huambiwa ya kuwa huo ni mtihani, na mwanafunzi aliye mbele ya karatasi naye yumo katika mtihani. Kiarabu kinao mzizi mmoja katika mihna, dhiki inayomjaribu mtu, na katika imtihan. Na kile kitabu cha kuwajaribu matabibu wa mwili kiliitwa kwa neno la kwanza, Mihnat al-Tabib. Neno ambalo halikuvuka bahari ni kahhali. Asili yake ni kuhl, kitu ambacho watu wa pwani hukiita wanja wa manga, hata jina la tabibu wa macho likawa, kwa maana ya asili, mpaka wanja. Dawa nyingi za macho zilikuwa za unga wa kupakwa kwa kijiti, na kwa hiyo jina hilo halikuwa la dharau.

Kitabu kilichofanywa kipimo cha mtihani kilitungwa na mtu aliyepata kufukuzwa darasani kwa sababu ya kuuliza. Hunayn bin Ishaq alizaliwa al-Hira, Iraki, mnamo mwaka wa 809, mtoto wa muuza dawa, Mkristo wa Kanisa la Mashariki. Alikwenda Baghdad akasoma kwa Yuhanna bin Masawayh, tabibu mwenye jina kubwa, ambaye naye alikuwa ametunga mojawapo ya vitabu vya kwanza vya Kiarabu juu ya maradhi ya macho. Waandishi wa habari za matabibu wanaeleza ya kuwa maswali ya Hunayn yalizidi hata mwalimu akachoka, akamfukuza, akamwambia ya kuwa watu wa al-Hira kazi yao ni kuvunja fedha njiani, hawana haja na tiba. Kijana alitoka akilia. Alikwenda akajifunza Kiyunani, na aliporudi ujuzi wake ulikuwa umefika mahali ambapo Ibn Masawayh mwenyewe alitaka suluhu naye. Katika waraka aliouandika baadaye Hunayn alivihesabu vitabu 129 vya Galen alivyovijua, akaeleza kila kimoja kilifasiriwa na nani, kwa ajili ya nani, na kutoka nakala ya namna gani. Alifariki mwaka wa 873.

Yale Makala Kumi hayakuandikwa kwa mfululizo. Hunayn aliyatunga moja moja katika muda wa miaka zaidi ya 30, kisha yakakusanywa pamoja na kuongezewa la mwisho juu ya dawa za mchanganyiko. La kwanza ni la umbo la jicho, la pili ni la ubongo, la tatu ni la mshipa wa kuonea na jinsi kuona kunavyotokea. Yanayofuata ni ya afya, sababu za maradhi, dalili, nguvu za dawa, na uponyaji. Kwa ajili ya wanawe wawili, Dawud na Ishaq, alitunga kitabu kingine kwa njia ya swali na jibu, chenye maswali zaidi ya 200, nacho kikaitwa Masa'il, yaani maswali, juu ya Jicho. Basi aliyefukuzwa kwa kuuliza aliwaachia watoto wake maswali, na majibu yake akayaweka palepale chini yake. Hapo ndipo ulipo mwanzo wa jambo lote linalofuata, kwa kuwa swali lenye jibu lililokwisha andikwa si swali la aina ile aliyokuwa akiuliza kijana wa al-Hira.

Majibu yenyewe yalikuwa na uzuri wake. Rutuba tatu zilikuwa ile inayofanana na barafu, ile inayofanana na kioo kilichoyeyushwa, na ile inayofanana na ute wa yai. Ya kwanza ndiyo iitwayo lenzi siku hizi. Tabaka saba zilipewa majina kwa kufananishwa na vitu vya nyumbani na shambani: moja ni ya pembe, kwa kuwa ni ngumu na yaonyesha kama pembe iliyochongwa ikawa nyembamba, moja ni ya zabibu, kwa kuwa ina tundu kama zabibu iliyong'olewa kikonyo, moja ni ya wavu, moja ya utando wa buibui, moja ya kondo la nyuma, moja ngumu, na moja yenye kuunganisha. Majina haya yalitoka katika Kiyunani yakaingia Kiarabu, na katika karne ya 11 yakaanza kuingia Kilatini kwa mkono wa Konstantino Mwafrika, mtu wa Afrika ya Kaskazini aliyekuwa mtawa huko Monte Cassino. Kitabu cha Hunayn kilisomwa Ulaya kwa muda mrefu bila ya jina la Hunayn. Konea ya matabibu wa leo ndiyo ile ya pembe, na retina ndiyo ile ya wavu. Anayeyatamka maneno hayo hospitalini anayatamka mafumbo ya wavuvi na wachonga pembe pasipo kujua.

Hesabu ya saba haikuwa na nguvu kama ilivyoonekana sokoni. Tabaka za jicho hazikai moja juu ya nyingine kama maganda ya kitunguu. Nyingine huanzia mwenzake anapoishia, na nyingine huendelea kwa jina jipya. Kwa hiyo wenye elimu walitofautiana: wako waliohesabu sita, wako waliohesabu tano au chini ya hapo, nao wote walikuwa wakilitazama jicho lile lile. Ilikuwa ni tofauti ya mahali pa kuweka mpaka. Muhtasibu, ambaye asubuhi alikuwa amepima ratili za mchinjaji, hakuwa na nafasi ya mjadala huo. Alihitaji jibu moja, na saba likawa ndilo.

Mtu asiharakishe kuicheka kazi hiyo, kwa sababu iliyokuwa ikilindwa ilikuwa ni macho ya watu. Habari ya mitihani ya matabibu ni ya kale kuliko al-Shayzari. Mwaka wa 931, Khalifa al-Muqtadir alipata habari ya kuwa mtu mmoja wa Baghdad amekufa kwa kosa la tabibu, akaamuru kwamba asitibu mtu yeyote ila aliyejaribiwa na Sinan bin Thabit. Waliojaribiwa walizidi 860, mbali na wale waliokuwa na sifa iliyokwisha julikana na wale wa nyumba ya khalifa. Inasimuliwa ya kuwa alikuja mzee mmoja mwenye mavazi mazuri na haiba, Sinan akamheshimu na kumkalisha, na walipobaki wawili mzee akatoa dinari akaziweka mbele yake, akakiri ya kuwa hajui kusoma wala kuandika vyema, ila ana watu wa kulisha. Sinan alicheka, akamwacha aendelee kwa sharti ya kuwa asiyaguse maradhi asiyoyajua, wala asimtoe mtu damu, wala asimpe dawa ya kuharisha ila kwa maradhi mepesi. Mzee akajibu ya kuwa hiyo ndiyo desturi yake maisha yote. Siku ya pili alikuja kijana mzuri. Alipoulizwa amesoma kwa nani, akasema kwa baba yake, naye ni yule mzee wa jana. Sinan akamwuliza kama anafuata njia ile ile, na aliposema ndiyo, akamwambia asiivuke. Kisa hiki kina utu mwingi, walakini katika tiba ya macho huruma ya namna hiyo ina mpaka wake. Mwenye kutoa maji ya sukari kwa homa humwacha mgonjwa na mwili wake. Mwenye kutia chuma katika jicho pasipo kujua hamwachii kitu.

Kuna kisa kinachosimuliwa sana juu ya Muhammad bin Zakariya al-Razi, tabibu mkubwa aliyefariki mnamo mwaka wa 925, ambaye alipofuka uzeeni. Aliletewa mtu wa kumfungua macho, naye akamwuliza jicho lina tabaka ngapi. Yule mtu akashindwa. Al-Razi akasema ya kuwa asiyejua hili hatatia chombo katika jicho langu. Al-Biruni, aliyeandika orodha ya vitabu vya al-Razi, ana habari ya namna nyingine: tabibu alikuwa ni mwanafunzi wake mwenyewe aliyetoka Tabaristan, al-Razi akamsifu kwa ufundi wake, lakini akaona ya kuwa maumivu hayana faida na ajali imekaribia. Habari ya al-Biruni inaelekea zaidi kuwa ya kweli, kwa kuwa haina pambo. Lakini ile ya kwanza inaonyesha neno lililokuwa katika fikira za watu: wasimulizi walipotaka swali la kumfedhehesha kahhali mjinga, walichagua lile lile la soko.

Jambo lililomsumbua zaidi al-Shayzari ni kahhali wa njiani, wasio na duka wala mwalimu anayejulikana. Hao, asema, wengi wao si wa kuaminiwa, kwa kuwa hawana dini ya kuwazuia wasiyavamie macho ya watu kwa kukata na kupaka pasipo ujuzi. Anazitaja dawa zao moja moja: vidonge vya wanga na gundi, vimetiwa rangi, vyekundu kwa rangi ya risasi, vya kijani kwa manjano na nili, vya njano kwa zafarani, ili mgonjwa adhani ya kuwa kila rangi ni dawa ya maradhi mengine. Kisha anakiri neno ambalo maofisa wa serikali hawakiri mara nyingi katika vitabu vyao. Hila zao hazina hesabu. Kwa hiyo, ikiwa muhtasibu hawezi kuwazuia wasikae kutibu macho ya watu, na awaapishe. Mtihani ulikuwa kwa wenye duka. Kwa wasafiri kilibaki kiapo tu.

Sasa inafaa kuangalia ni nini ambacho mtihani haukuuliza. Haukuuliza jicho linaonaje. Hunayn alikuwa na jibu la swali hilo, nalo limo katika makala ya tatu. Kwa kumfuata Galen alifundisha ya kuwa roho ya kuona hutoka katika ubongo, ikapita katika mshipa wa kuonea, ambao alidhani una uwazi ndani yake kama mwanzi, ikaingia katika jicho, kisha ikatoka kwa mboni na kukutana na hewa. Hewa ikipatwa na roho hiyo pamoja na mwangaza wa jua, huwa kwa jicho kama mshipa ulivyo kwa ubongo. Alitoa mfano wa mtu atembeaye gizani na fimbo mkononi: fimbo ikigota kitu, mtu hukitambua kitu kile kabla ya mkono kukigusa. Na katika jicho lenyewe, kiti cha kuona ni ile rutuba ya barafu. Hunayn aliiweka katikati kabisa ya jicho, kama mfalme katika ukumbi, na tabaka zote na rutuba nyingine mbili zikawa ni watumishi wake, hii ya kumlisha, hii ya kumkinga.

Aliyeubomoa mfano wa fimbo hakuwa kahhali. Al-Hasan bin al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyeishi Cairo na kufariki mnamo mwaka wa 1040, alikuwa mtu wa hesabu na elimu ya nyota. Katika Kitab al-Manazir aliuliza maswali yanayoonekana kuwa madogo. Kwa nini mtu akilitazama jua jicho linauma? Kwa nini akitazama dirisha lenye mwanga mkali kisha akageukia gizani, umbo la dirisha hubaki machoni pake? Kinachouma na kubakiza alama hakika kimeingia, hakikutoka. Na kitu kinachotoka jichoni kitafikaje kwenye nyota mara tu kope zinapofunguka? Alithibitisha ya kuwa nuru hutoka katika kila nukta ya kitu kinachoonekana na kuingia katika jicho kwa mistari iliyonyoka. Lakini umbo la jicho aliliazima kwa matabibu, na pamoja nalo aliazima kosa lao. Rutuba ya barafu iliendelea kuwa kiti cha kuona kwake pia. Mtu aliyethubutu kuigeuza njia ya nuru yote hakuigusa nafasi ya mfalme ukumbini.

Na hapa ndipo lilipokuwapo swali gumu kuliko yote, nalo lilikuwa mikononi mwa kahhali wenyewe kila siku. Maradhi ambayo Mswahili huyaita mtoto wa jicho, Waarabu waliyaita maji, au kushuka kwa maji, na Kilatini kikafuata kwa neno lenye maana ya maporomoko. Waliamini ya kuwa unyevu mbovu huteremka kutoka kichwani ukaganda kati ya mboni na ile rutuba ya barafu, ukaziba njia ya roho. Jina la Kiswahili halina maji ndani yake wala halina nadharia. Linasema tu ya kuwa jicho limepata kitu kidogo ambacho hakikuwamo. Dawa yake ilikuwa sindano. Mgonjwa alikaa akielekea mwangaza, jicho la pili limefungwa, msaidizi amemshika kichwa kwa nyuma. Kahhali akaichoma sindano katika weupe upande wa sikio, akaifikisha nyuma ya mboni, akakisukuma kile kitu cheupe hata kikazama chini. Mboni ikawa nyeusi tena. Mgonjwa akaona vidole vya tabibu. Ammar bin Ali wa Mosul, aliyefanya kazi Misri wakati wa Khalifa al-Hakim, aliandika juu ya sindano yenye uwazi ndani, ambayo kwayo aliyafyonza yale maji badala ya kuyasukuma, akaacha na habari za wagonjwa wake mmoja mmoja.

Kitu kilichosukumwa hakikuwa maji. Kilikuwa ni rutuba ya barafu yenyewe, lenzi, iliyopoteza uangavu wake. Kwa muda wa karne nyingi mikono ya mafundi wa Iraki, Misri, Sham na Andalusi ilikuwa ikimwondoa mfalme ukumbini, na kila mara jicho likaona kwa kuondolewa kwake. Ushahidi mkubwa kuliko huu dhidi ya kitabu hauwezi kutafutwa. Lakini kitabu kiliusoma ushahidi huo kinyume. Walisema: rutuba ya barafu ndiyo inayoona, huyu ameona baada ya kitu kile kuondolewa, basi kitu kile hakikuwa rutuba ya barafu. Hoja hiyo haina ufa popote ila katika neno lake la kwanza, na neno lake la kwanza ndilo lililokuwa jibu sahihi la mtihani. Kahhali aliyeshuku angeulizwa swali lingine: kama lenzi imezama, huyu anaonea nini? Asingekuwa na jibu, kwa kuwa kazi ya ule wavu wa nyuma haikujulikana.

Ilibidi kwanza wavu upewe kazi yake. Mwaka wa 1583 Felix Platter wa Basel aliandika ya kuwa kinachoona ni retina, na lenzi ni kioo chake tu. Mwaka wa 1604 Kepler, mtu wa nyota kama Ibn al-Haytham, na msomaji wa elimu iliyotoka kwa Ibn al-Haytham, alieleza kwa hesabu jinsi lenzi inavyoikusanya nuru na kuchora sura ya vitu juu ya retina, juu chini na kulia kushoto. Kuanzia hapo lenzi iliweza kuondoka bila ya kuona kuondoka nayo. Hata hivyo zilipita karibu miaka 100 kabla ya wapasuaji kukubali. Wako waliosema hivyo katika karne ya 17, na hawakusikilizwa sana. Mwaka wa 1705 tabibu Mfaransa aliyeitwa Brisseau, mjini Tournai, alichukua maiti ya askari aliyekuwa na mtoto wa jicho, akaisukuma sindano kama afanyavyo kwa mtu hai, kisha akalipasua jicho kutazama ni nini alichokizamisha. Akaikuta lenzi. Hakuaminiwa upesi. Mwenzake, Maître-Jan, alitoa kitabu chenye maneno hayo mwaka wa 1707, na mwaka wa 1747 Daviel aliikata konea akaitoa lenzi nje, badala ya kuiacha ielee ndani ya jicho, na hiyo ndiyo njia ambayo upasuaji wa leo umetokana nayo.

Yafaa kutambua ya kuwa swali la Brisseau halikuhitaji chombo chochote ambacho Ammar hakuwa nacho. Lilihitaji maiti, kisu, na mtu wa kutaka kujua kitu kimekwenda wapi. Walakini si haki kusema ya kuwa mtihani wa soko ndio uliozuia. Mtihani haukuwekwa kwa ajili ya kutafuta elimu. Uliwekwa ili mtu asiyejua konea ni ipi asiichome. Kwa kazi hiyo tabaka saba zilitosha, hata kama zingekuwa tano. Hata kipimo chao cha kabla ya sindano kilikuwa cha busara kuliko sababu yake. Walimfumba mgonjwa jicho moja wakatazama kama mboni ya jicho la pili inatanuka. Ikitanuka, walisema, roho imehamia upande huu, mshipa uko wazi, na sindano italeta faida. Mboni haitanuki kwa kujazwa roho. Hutanuka kwa kupungua nuru, na mboni mbili hufuatana hata nuru ikizuiwa kwa moja tu. Lakini mtu aliyezoea kuitazama mboni kabla ya kushika sindano alikuwa amekwisha kumwacha mbali yule mwenye vidonge vya rangi.

Yule wa njiani hajatoweka. Katika sehemu za Afrika Magharibi na Sudani sindano ya kusukuma ingali ikifanya kazi vijijini, na uchunguzi wa upofu uliofanywa katika Nigeria nzima kati ya mwaka wa 2005 na 2007 ulionyesha ya kuwa, katika macho yaliyokuwa yamefanyiwa kazi kwa ajili ya mtoto wa jicho, zaidi ya mawili katika kila matano yalikuwa yamesukumwa kwa njia hiyo ya kale.

Kitabu cha al-Shayzari kilirithiwa na wengine. Huko Misri Ibn al-Ukhuwwa, aliyefariki mwaka wa 1329, aliyachukua maagizo yake katika kitabu chake cha hisba, na kahhali wa Cairo wakapimwa kwa kitabu kile kile cha Hunayn. Baadaye Makala Kumi yalisahauliwa. Aliyeyafufua alikuwa ni tabibu wa macho. Max Meyerhof, Mjerumani aliyetibu macho ya watu wa Cairo kwa miaka mingi, maskini na matajiri, katika mji ambao vikope vilikuwa vimewapofusha maelfu, aliyachapisha kwa Kiarabu na tafsiri ya Kiingereza mjini humo mwaka wa 1928. Katika nakala ya kale aliyoitumia imo picha ya jicho iliyochorwa kwa mkono: tabaka zimepangwa moja baada ya moja na majina yake pembeni, mshipa una uwazi ndani, na lenzi, duara kabisa, imekaa katikati.